Mistari Iliyotembea Yenyewe

Inspekta Scholastique alikuwa ameweka foto mbili juu ya meza, moja kando ya nyingine, na tangu saa mbili ya asubuhi hakuwa ameondoa macho hapo. Chai yake ya maziwa ilipoa mpaka ikaota ngozi.

Foto ya kwanza ilipigwa juzi, saa tano na nusu. Ya pili ilipigwa siku ile ile, saa saba. Zote mbili zilitoka katika mashini moja, ile darubini kubwa ya labo ya mawe katika uwanja wa mission ya Wakatoliki kule Mbunya, mtaa wa Bunia, ambayo haitumii mwanga wa jua wala wa taa, ila mshale mwembamba wa elektroni. Zote zilionyesha kipande kidogo cha jiwe, juu yake nguzo ndogo ndogo zilizopangwa kwa safu kama mihogo shambani, na walimwambia kwamba kila nguzo ilikuwa nyembamba kuliko unywele uliopasuliwa mara mia tano. Juu ya kila nguzo kulikuwa na mistari, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe.

Hapo ndipo akili ilipokwama. Katika foto ya saa tano na nusu, mistari ilikwenda sawa kama matuta ya viazi. Katika foto ya saa saba, nguzo tisa za katikati zilikuwa na mistari iliyojikunja, mingine imekatika, mingine imegeuka kuelekea katikati, kama vile mtu aliingia na jembe akalima upya.

"Si kipande kimoja," Prof Antoine, mkuu wa labo, alikuwa amesema siku aliyoleta mashtaka. "Hata mutoto asiyesoma anaona."

Ndiyo, mtoto angeona. Lakini mtoto huyo angeona pia kwamba katika safu ya nne, nguzo ya tatu ilikuwa imevunjika pembe, kama jino la mtu aliyeanguka na baiskeli. Jino hilo lilikuwa ndani ya foto ya kwanza. Lilikuwa ndani ya foto ya pili. Mahali pale pale, limevunjika vile vile.

Kama ni kipande kingine, jino lilifikaje? Na kama ni kile kile, nani alilima?

Akafunga foto ndani ya dosiye. Juu ya dosiye kuliandikwa jina la mshtakiwa: Falone Ukumu, miaka makumi mbili na sita, kazi yake kusafisha vipande na kuviingiza katika mashini. Anashtakiwa kuiba vipande vitatu vya washirika wa Ulaya na kuweka vingine mahali pao. Chini yake shefu wa komisaria alikuwa ameandika kwa bic nyekundu: Parke, leo, saa tisa.

Gari la parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, likimchukua mtu saa tisa, saa kumi yuko gereza kubwa. Na mtu wa gereza kubwa hatoki kwa sababu ya jino.

*

Falone alikuwa amekaa chini katika kasho, kile chumba cha mahabusu, mgongo kwa ukuta, mbele ya blauzi yake kumelowa maziwa. Mama yake alikuwa bado hajafika na mtoto.

"Tuanze tena," Scholastique alisema, akivuta kiti.

"Tuanze, mama."

"Juzi saa sita, kengele ya kapela inalia. Prof, Destin wa mashini, wote wanatoka kwa koridori kusali. Weye unabaki."

"Miye siko mukatoliki, mama. Niko wa kanisa la uamsho. Prof mwenyewe alisema, siye tusali, weye ulinde mashini."

"Unabaki peke yako. Kipande iko ndani."

"Iko ndani."

"Na zile siku mbili zingine?"

"Ilikuwa vile vile."

"Sasa unaona namna mutu anaweza kufikiri."

"Naona. Hata miye ningekuwa Prof, ningefikiri hivyo." Falone alivuta blauzi ili isigusane na ngozi. "Lakini sikugusa kitu. Mistari ilitembea yenyewe."

Jana Scholastique alikuwa ameandika neno hilo katika PV, ripoti ya mahojiano, na shefu alipolisoma alicheka mpaka akakohoa. "Andika na hii," alisema, "kwamba huyu dada anatucheka."

"Ilitembea namna gani?"

"Pole pole. Ukiikazia macho hauone. Ukigeuka, ukirudi, imesogea. Nilimwambia Destin mara ya kwanza. Akasema, dada, weye kula kwanza. Ile ya juzi nikachora."

"Ulichora wapi?"

"Kwa kaye, daftari yangu. Niliiacha ndani ya blouse ya kazi, kule labo."

"Kwa nini haukusema jana?"

"Jana mulikuwa munaniuliza nimeuza kwa nani. Hakuna mutu aliuliza nimeona nini."

Mlango ukagongwa. Bibi mmoja mfupi akaingia na mtoto mgongoni, akamfungua bila kumsalimia Scholastique, akamweka mtoto mikononi mwa Falone. Mtoto akakamata titi kama mtu aliyechelewa kazini. Scholastique akasimama, akageuza uso wake dirishani.

"Mutoto ana miezi ngapi?"

"Munane," bibi akajibu. "Na kule munamupeleka, wanakubali miezi munane?"

Scholastique akachukua dosiye, akatoka. Ilikuwa saa nne.

*

Mlinzi wa labo, Patou, alifungua geti huku bado anatafuna kikwanga.

"Mama Inspekta, karibu. Umekuja kunifunga na miye?"

"Bado. Kitabu cha wageni iko wapi?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Jana mtu alimnong'oneza kwamba mchuuzi mmoja wa Ariwara, jina lake Katsuva, alionekana hapa akiuliza-uliza, na kwamba vile vipande hupakwa platini, ambayo ni ghali kuliko dhahabu. Scholastique akafuata kidole chake ndani ya kitabu. Katsuva aliingia mara moja tu, tarehe tisa. Saa tatu ameingia, saa tatu na nusu ametoka.

"Alitaka nini?"

"Madumu matupu ya mazutu, ya dizeli. Alichukua manane, akafunga kwa pikipiki, akaenda. Hata mulango wa labo hajui iko upande gani."

"Na tarehe tisa kipande kilibadilika?"

"Ile siku? Hapana. Ile siku ilikuwa vizuri, Destin alipiga mafoto hadi akaimba."

Basi Katsuva akatoka katika dosiye kama alivyoingia. Scholastique akapiga mstari juu ya jina lake.

"Patou, juzi saa sita ulikuwa wapi?"

"Hapa chini ya dirisha, kwa kivuli. Miye nasali nikikaa, mugongo inaniuma."

"Ulisikia nini?"

"Rozari. Na pompi." Akaonyesha dirisha la mashini kwa kidevu. Ndani kulikuwa na kitu kinachonguruma, sauti moja, haipandi haishuki. "Ile pompi inanyonya hewa. Ukifungua mashini, inakohoa kama muzee wa tumbako, alafu inapiga kelele dakika makumi mbili ndipo inatulia. Miaka mitatu naisikia. Juzi haikukohoa."

"Una hakika?"

"Mama, bibi yangu akikohoa ndani ya nyumba ya jirani, najua ni yeye."

Kama mashini haikufunguliwa, hakuna aliyetoa kipande wala kuingiza kingine. Kama hakuna aliyetoa, hakuna aliyeiba. Lakini foto zilikuwa pale ndani ya dosiye, na foto hazikohoi. Scholastique akapanda ngazi akiwa amechanganyikiwa zaidi ya alivyokuwa chini.

*

Prof Antoine alikuwa mzee mrefu, shati jeupe, medali ya Bikira Maria shingoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametafuta mashini hii miaka kumi na moja, akaipata imetumika, ikavuka Uganda kwa lori, ikapita Mahagi kwa mvua. Wenzake wa Ulaya walimtumia vile vipande ili kuona kama labo ya Bunia inaweza kufanya kazi ya kuaminika. Sasa wamemwandikia: foto zenu za asubuhi na za mchana si za kipande kimoja, tuelezeni.

"Niwaeleze nini?" alisema. "Niwaambie shetani? Nilipata hii leo asubuhi ndani ya blouse yake." Akatupa kaye mezani.

Scholastique akafungua. Ukurasa mmoja, michoro mitano. Kila mchoro ulikuwa na viboksi tisa, na ndani ya viboksi mistari, imechorwa kwa mkono ulio makini. Chini ya kila mchoro kulikuwa na vijiti, kumi kumi, vimepangwa vizuri. Mchoro wa tano ulikuwa na viboksi tu, ndani havina kitu.

"Anachora ili mutu amutengenezee kipande cha uongo," Prof alisema.

"Fundi gani, Prof, anaweza kuvunja jino ndogo hivi, mahali pale pale?" Akamwonyesha safu ya nne.

Prof akavaa miwani, akaangalia, akaivua. "Basi hakubadilisha kipande. Alikimwagia kitu."

"Mashini ikiwa imefungwa?"

"Alifungua. Rozari yetu ni dakika makumi mbili na tano. Anafungua, anamwaga, anafunga, pompi inanyonya, saa saba iko tayari."

"Patou anasema pompi haikukohoa."

"Patou anasali akilala."

Scholastique akageukia mashini. Ilikuwa kama friji iliyosimama na mnara juu yake, kando kuna ekra kama ya televisheni. Destin, kijana mwenye kushika mashini, alikuwa amekaa mbele yake, mikono katikati ya mapaja, kama mtu anayeogopa kuulizwa.

"Destin, nipatie kitabu cha mashini."

Akasoma kuanzia mwezi wa Septemba. Vipande vinane. Kila kimoja kimepigwa foto mara mbili, mbele ya saa sita na nyuma ya saa sita, na kando kumeandikwa: sawa, sawa, sawa. Halafu Oktoba. Tarehe mbili: si sawa. Tarehe saba: si sawa. Tarehe tisa: sawa. Tarehe kumi na ine, juzi: si sawa.

"Falone alikuwa hapa Septemba?"

"Alikuwa," Destin akajibu.

"Alibaki peke yake saa sita?"

"Kila siku."

"Na hakuiba."

Scholastique akarudi juu ya ukurasa. Yeye mwenyewe alikuwa na rozari mfukoni, shanga zake zimelainika kwa miaka, na tangu mwezi uanze alikuwa akiisali jioni parokiani pamoja na akina mama. Hakuhitaji kuuliza kilichogeuka kati ya Septemba na Oktoba katika uwanja wa mission. Lakini polisi anauliza.

"Septemba saa sita munasali nini?"

"Malaika wa Bwana," Prof akasema. "Dakika tatu."

"Na Oktoba?"

"Ni mwezi wa Rozari, mama. Tunasali yote."

"Na tarehe tisa?"

"Tarehe tisa Prof alienda matanga kule Nizi," Destin akasema. "Tulisali Malaika wa Bwana tu, tukarudi kazini."

Prof akapiga meza kwa kiganja, si kwa nguvu. "Umeona sasa? Sala ikiwa fupi, hana nafasi. Sala ikiwa ndefu, anaiba. Mama Inspekta, umemaliza kazi yako mwenyewe."

Kweli, ilionekana hivyo. Tarehe zote zilimwelekea Falone, moja baada ya nyingine, kama watu katika mstari wa maji. Scholastique akaangalia saa yake. Saa tano na dakika tano. Akatamani kuketi, akabaki amesimama.

"Prof, nifafanulie kitu kimoja, na unifafanulie kama kwa mutu wa darasa la sita. Hii mistari ni nini?"

"Ni domeni. Sema ni mitaa. Ndani ya jiwe hili kila sehemu ina umeme wake unaoangalia upande mmoja. Mutaa huu unaangalia kushoto, ule unaangalia kulia. Mmoja unaonekana mweusi, mwingine mweupe."

"Kama ng'ombe ndani ya boma. Hawa wameelekeza vichwa huku, wale kule."

"Sawa, kama ng'ombe."

"Na jiwe la dhahabu, la Nizi, munaloangalia hapa siku zote, lina hiyo mitaa?"

"Halina. Jiwe la Nizi utaliangalia mwaka muzima, halitabadilika."

"Na hizi elektroni za mashini ni nini?"

"Ni umeme, mama."

Scholastique akarudia neno hilo bila sauti. Kulikuwa na kitu hapo, alikigusa kikamponyoka.

"Destin. Wakati munatoka kusali, unazima mashini?"

"Hapana, mama. Ukizima ule mshale, unatumia karibu saa muzima kuutuliza tena, na groupe, jenereta yetu, inakula mazutu. Prof alisema tuuache. Natafuta mahali pazuri, nakuza, nauacha hapo hapo ili nisipoteze mahali."

"Hata na mawe ya Nizi unafanya hivyo?"

"Siku zote. Ndivyo tunafanya kazi hapa."

"Mahali pazuri ni wapi?"

"Katikati." Akajikuna shingo. "Kwa zile nguzo tisa."

*

Aliwaomba kitu kidogo. Leo ni siku ya kipande kipya? Ni siku yake. Basi fanyeni kazi kama siku zote, msiongeze, msipunguze. Falone yuko kasho. Mimi na Patou tutakaa mahali alipokaa.

"Ni kipande cha mwisho," Prof akasema. "Kikiharibika, Ulaya watafunga mulango."

"Kama Falone ndiye mwizi, leo hakitaharibika. Ao unaogopa?"

Prof akamwashiria Destin aanze.

Scholastique akafanya mambo yake pole pole, kama ilivyoandikwa katika kazi. Destin alipoingiza kipande na pompi ikakohoa, ikapiga kelele, ikatulia, yeye alibandika karatasi ya scellé juu ya mlango wa mashini, akaweka muhuri, Prof akatia sahihi juu yake. Akamwambia Destin apige foto ya kipande kizima, haraka, kisha ya nguzo tisa. Mistari sawa, kama matuta. Prof akatia sahihi nyuma ya foto. Destin akakuza, akaacha mshale katikati. Scholastique akafunika klavye, vile vibonyezo vya mashini, kwa kitambaa chake cha kichwa, akakifunga fundo, na fundo nalo akalibandika scellé.

"Na Patou?" Prof akauliza.

"Patou, weka mikono nyuma."

"Nikijikuna?"

"Vumilia."

Kengele ikalia. Wakatoka. Mlango ukafungwa, na nyuma ya mlango sauti ya Prof ikaanza, nzito, na wengine wakaitikia. Malaika wa Bwana kwanza. Halafu Nasadiki. Halafu kumi la kwanza.

Scholastique alikuwa amesimama mbele ya ekra, mikono kifuani. Midomo yake iliitikia bila yeye kuituma, Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu. Mistari ilikuwa imetulia. Kumi la kwanza likaisha, Atukuzwe Baba, na hakuna kilichotokea.

"Mama," Patou akasema chini chini, "kwani tunangoja nini?"

"Sijui."

Ilikuwa kweli, hakujua. Akafungua kaye ya Falone ili kufanya kitu. Mchoro wa kwanza: mistari sawa, chini yake vijiti kumi. Mchoro wa pili: mistari sawa, isipokuwa kiboksi cha katikati, mstari mmoja umepinda kidogo. Chini yake vijiti makumi mbili. Wa tatu, makumi tatu. Akavihesabu mara mbili kwa kidole. Nyuma ya mlango Prof alikuwa anatangaza tendo la pili, na Scholastique akainua macho kutoka kwenye vijiti, akaangalia mlango, akaangalia tena vijiti.

Simu hairuhusiwi karibu na mashini. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama saa tatu na robo, pengine tangu mwaka jana. Falone hakuwa na namna ya kupima wakati, ila ile sala ambayo haikuwa ya kanisa lake, aliyoisikia kupitia ubao wa mlango. Kila Salamu Maria kijiti kimoja. Kila kumi mchoro mmoja.

"Patou, nyamaza sasa."

"Sijasema kitu, mama."

Kumi la pili likaisha. Katika nguzo ya katikati, mstari mmoja mweupe ulikuwa umepinda kidogo.

Hakuuona ukipinda. Aliukazia macho, ukabaki kama ulivyo. Akageuka kumtazama Patou, aliyekuwa anauma mdomo kwa kuwashwa, na aliporudi mstari ulikuwa umepinda zaidi, na jirani yake mweusi amekuwa mwembamba. Kumi la tatu: mstari ukakatika. Nguzo za kando zikaanza. Kumi la nne: mistari ya upande wa kushoto ilikuwa imegeukia kulia, ya kulia imegeukia kushoto, yote inaelekea mahali pamoja, pale mshale ulipokuwa umetua. Mchoro wa nne wa Falone ulikuwa hivyo hivyo, hata kile kiboksi cha pembe ya juu ambacho mstari wake ulikataa kugeuka.

Scholastique alikuwa amekulia juu ya vilima vya Djugu, katika nyumba ya ng'ombe. Jioni baba yake alikuwa anaingia bomani na chumvi ndani ya ungo. Ng'ombe wamelala huku na huku, kila kundi na upande wake. Baba hakumgusa hata mmoja. Alimwaga chumvi katikati, akatoka. Na ukirudi baada ya muda kidogo, vichwa vyote vimegeuka.

Umeme, Prof alisema, ndani ya jiwe unaangalia upande. Na mshale ni umeme. Dakika tatu chumvi ni kidogo, ng'ombe hawaamki. Dakika makumi mbili na tano, boma zima.

"Mama," Patou akasema, na sasa sauti yake haikuwa ya mchezo. "Hii kitu inatembea."

"Umeona?"

"Naona. Nani anaisukuma?"

"Siye. Tunaiangalia sana."

*

Walipoingia, Prof alikwenda moja kwa moja kwenye scellé. Karatasi ilikuwa nzima. Akagusa fundo la kitambaa, lilikuwa zima. Ndipo akaangalia ekra, akasimama hapo muda mrefu, mkono umeshika medali.

"Nani aligusa?"

"Hakuna mutu," Patou akasema. "Hata miye sikujikuna."

Scholastique akafungua fundo. "Destin, nionyeshe mwisho wa kipande, kule pembeni ambako haukuacha mshale."

Destin akasogeza. Mbali na katikati, nguzo zote zilikuwa na mistari yake sawa, kama matuta, kama asubuhi. Akatoa foto ya kipande kizima, wakalinganisha. Hakuna hata mmoja uliosogea. Kisha Scholastique akaomba foto kubwa za tarehe mbili, za tarehe saba, za juzi. Katika zote katikati kumelimwa, pembeni kumelala. Hakuna aliyekuwa amewahi kuangalia pembeni.

"Kama angemwaga kitu, kingemwagika kote," alisema. "Kama angebadilisha kipande, pembeni pangebadilika. Ni pale tu munapoacha mshale, na ni siku tu munazokawia."

Prof akaketi. "Ni miye niliyesema musizime."

"Ulisema kwa ajili ya mawe ya Nizi. Hayo hayana kichwa cha kugeuza."

"Basi ni rozari ndiyo iliyoleta haya?"

"Hapana, Prof. Rozari tutaisali. Mukitoka, mufunge mshale."

Nje Patou alisikika akijikuna mgongo kwenye ukuta na kushukuru Mungu. Halafu Prof akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye hataki jibu, "Yeye aliniambia?"

"Alimwambia Destin. Destin akamwambia ale kwanza."

Destin akaangalia viatu vyake.

"Saa ni ngapi?" Prof akasema.

"Saa saba na nusu. Naandika PV, unatia sahihi, unaondoa mashtaka. Gari la parke ni saa tisa."

*

Katika karatasi ya PV kulikuwa na mstari unaosema: Aliyetenda. Shefu wa komisaria hakupenda uachwe mtupu. "Lazima kuwe na mutu," alisema. Scholastique akafikiri, akaandika: hakuna, isipokuwa namna ya kuangalia. Shefu akasoma mara tatu, akakuna kichwa, akapiga muhuri kwa sababu Prof alikuwa amesimama mbele yake na saa ilikuwa nane na dakika makumi tano.

Falone alitoka kasho na mtoto begani. Prof alikuwa amebeba bahasha na maneno mengi. Akampa kaye kwa mikono miwili.

Falone akaifungua hapo hapo, amesimama, akaona kwamba mchoro wa tano haukuwa mtupu tena. Scholastique alikuwa ameujaza njiani, juu ya pikipiki, kwa bic, alivyokumbuka.

"Ni nani alichora?"

"Ni miye. Niliona kumi la tano. Weye haukuimaliza."

"Destin aliingia kabla niimalize." Falone akamhamisha mtoto bega lingine, akainamisha kichwa juu ya ukurasa. Akaguna. "Hii si hivi, mama."

"Si hivi namna gani? Niliona kwa macho yangu."

"Hii ya pembe, ya juu, ile iliyokataa. Umeiacha imesimama. Kufika kumi la tano lazima nayo igeuke. Jirani zake wote wamegeuka, itabaki vipi?" Akanyosha mkono bila kuinua macho. "Nipatie bic."

Akaukata ule uliosimama, akachora mwingine. Mstari mmoja, mfupi, kuelekea katikati.

Scholastique akamwangalia Prof. Prof akafungua bahasha, akatoa foto ya leo, iliyopigwa baada ya rozari, ambayo Falone alikuwa hajaiona, akaiweka kando ya kaye juu ya kaunta ya komisaria. Wote watatu wakainama. Katika nguzo ya pembe, ya juu, mstari ulikuwa umegeuka.

Nje gari la parke lilikuwa limefika, injini inanguruma, dereva anapiga honi mara moja, mara mbili.

"Mwambie aende," Scholastique akamwambia polisi wa mlangoni.

Prof bado alikuwa ameinama juu ya foto. "Kesho," akasema, "utakuja saa ngapi?"

Falone akafunga kaye, akaiweka chini ya kitambaa, kati ya mtoto na kifua.

"Nikimaliza kunyonyesha," akasema. "Na munitafutie saa. Siwezi kuhesabu sala za watu mwezi muzima."